Nusu Kilo ya Mwezi wa Shaabani

Tuliokuwepo ni hawa. Mimi mwenyewe, bibi mtu. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa mwanangu wa mwisho, ana miaka kumi na saba, na yeye ndiye alokuwa akiendesha. Mwanangu huyo, baba yake, alotoka Salala kwa ndege ya Jumatano. Mkewe kabaki huko na watoto wadogo. Fundi wa gari, kijana wa Kikenya, kwao Nakuru, hatuna udugu naye hata wa kuoleana, ila katika hema lile zima la timu, ukitutoa sisi wenyewe, yeye tu ndiye alokuwa akisema Kiswahili, na kwa siku tatu zile nilikaa naye zaidi kuliko nilivyokaa na mwanangu. Mkuu wa timu, Mtaliana mwenye mvi na miguu mirefu, ambaye kila akinipita alikuwa akitia mkono kifuani kunisalimia. Na kijana mmoja wa Bahareni, wa hema la jirani, sikupata kusema naye neno, lakini lazima nimtie humu kwa sababu yeye ndiye alokuwa nyuma ya mjukuu wangu.

Majina yao nnayo yote. Skuli mie niliishia darasa la nne, nikakhitimu na Kur-ani, bas, lakini Mungu kanipa jambo moja: jina likiniingia sikioni halitoki tena. Nnajua mpaka jina la mama yake fundi na la ng'ombe wao alokufa kwa ukame. Ila mjukuu wangu kanambia, "Bibi, andika, lakini majina ya watu usiweke, si vizuri." Nimemsikiliza. Kuna tabu kuandika watu bila ya majina yao. Ni kama kuwakaribisha wageni nyumbani kisha ukawaacha wamesimama.

Sasa nielezee gari, maana mie mwenyewe mwanzo sikulifahamu. Ni dogo, la chini, mtu akisimama kando linamfika gotini. Halina paa, halina mlango, magurudumu yako nje kama miguu ya kaa. Na lina kiti kimoja tu. Mara ya kwanza aliponionesha, nikamuuliza, "Na abiria anakaa wapi?" Akacheka mpaka akakaa chini.

"Hakuna abiria, Bibi."

"Hata wa kumshikia maji?"

"Hata wa kumshikia maji."

Mapenzi ya magari kayapata kwa babu yake, Mungu amrehemu. Marehemu alikuwa na duka la vipuri Wattaya, hapa Maskati, nyuma ya yale maduka makubwa ya vioo yanayouza magari mapya. Mtoto akitoka skuli anapelekwa kwake, anakalishwa juu ya kaunta, anapewa boliti azipange kwa ukubwa. Babu akimwita "mke wangu", kama mababu wanavyofanya, na mie nikimwita "mke mwenzangu". Mpaka leo ndivyo ninavyomwita. Babu alipofariki mtoto alikuwa na miaka kumi na moja. Mwaka wa pili wake baba yake akahamishiwa Salala kikazi, na mtoto akakataa kwenda, kwa sababu uwanja wa mbio uko huku Maskati. Akaja kukaa kwangu, Al Khoudh.

Nyumba ile tuliijenga kwa watoto saba. Wako wapi leo? Mmoja Salala, wawili Uingereza, mmoja Kanada, mmoja Dubai, wawili wako makaburini karibu na baba yao. Vyumba vinne nimevifunga, nnavifungua mara moja kwa wiki kupangusa vumbi. Lakini kwa miaka mitano nyumba ilikuwa na mtu. Nilikuwa nikimsikia akishuka ngazi kwa miguu miwili pamoja, tuk, tuk, tangu mdogo mpaka akawa mkubwa. Akiacha kabati la jikoni wazi, nnagombana naye, halafu nnalifunga. Mwenye kukaa peke yake atanifahamu nikisema kwamba kabati lililoachwa wazi na mtu ni jambo la kushukuru.

Mbio zenyewe zilikuwa za mwisho wa mashindano. Tangu baridi ianze walikuwa wakizunguka nchi za Ghuba, vijana wa miaka kumi na tano mpaka kumi na nane, na mwisho wake ukafanywa kwetu, katika uwanja ule wa nje ya mji. Mazoezi Alkhamisi, mbio moja Ijumaa baada ya sala, mbio ya pili Jumamosi. Mjukuu wangu alifika akiwa wa tatu katika hesabu ya mashindano yote. Wa nne ni yule kijana wa Bahareni, wamepishana kidogo tu. Na Mtaliana alikuwa kashasema mbele yetu sote: atakaemaliza ndani ya watatu wa mwanzo, atamchukua Italia, akaendeshe katika timu yake mwaka mzima.

Kila mtu akafurahi. Na mie nikafurahi, nikapiga kigelegele. Halafu nyumbani nikaingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jumatano alasiri tulikwenda hemani. Fundi alikuwa na mizani chini, akampima mjukuu wangu na nguo zake zote za mbio, viatu, glovu na kofia ngumu. Akaandika. Halafu akatoa vipande bapa vya risasi, si risasi za bunduki, yale madini mazito ya kijivu, akawa anavifunga chini ya kiti.

"Hivo vya nini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Shosho, msichana wako ni mwepesi sana." Shosho ndo bibi kwao. "Kila gari na dereva wake lazima wafikishe uzito fulani. Akiwa mwepesi anakimbia kushinda wenzake, sasa hiyo si haki. Tunamwongezea na hizi."

"Na nani atajua?"

"Ai! Wakimaliza resi wote wanapelekwa kwa mizani. Gari pamoja na yeye ndani. Ikipungua hata kidogo, anatolewa. Hata akiwa namba wani."

"Hata kidogo?"

"Shosho, hapa hata hiyo miwani yako ingehesabiwa."

Kwa hivyo nilijua. Nataka msomaji alishike hilo, kwa sababu mwenyewe nilitamani sana baadae kusema sikujua.

Tuliporudi nyumbani mjukuu wangu alinifuata jikoni. Akafungua kabati, akasimama kashika mlango wake.

"Bibi, zimenibakia siku mbili."

"Mbili zipi?"

"Za Ramadhani ya mwaka jana."

Ilikuwa Shaabani ishakatika. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unatafutwa Jumamosi hiyo hiyo. Wanawake wanajua khabari hii. Kila Shaabani nyumba zote zina mtu anaekimbizana na siku zake, huyu tatu, yule sita, na kila mwaka tunasema mwakani tutalipa mapema. Nikamwambia, "Mpaka leo? Ulikuwa ukingoja nini, mke mwenzangu?"

"Mitihani. Halafu mbio. Je, nikizilipa baada ya Idi, nikatoa na kibaba cha maskini?"

Ninavyokumbuka, nilimwambia kuchelewesha ni ruhusa ya mgonjwa na msafiri, yeye si mgonjwa wala hakusafiri. Nilimwambia afunge Alkhamisi na Ijumaa, ili Jumamosi, siku kubwa, ale ashibe. Ninavyokumbuka. Nitarudi hapa.

"Lakini usimwambie mtu, Bibi," akasema. "Baba khasa."

"Nimwambie mwanamme? Mie mwendawazimu?"

Maana mtoto wa kike akisema analipa siku, kashasema na sababu ya kuzila. Sisi tumelelewa hivo. Mama yangu alikuwa akipika mchana wa Ramadhani katika siku zake, anaonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema, baba yangu asijue kwamba yeye hakufunga. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa akifanya hivo. Na baba alikuwa akijua, bila shaka, lakini halikusemwa.

Basi Alkhamisi akafunga. Alikula daku mkate wa ufuta na maziwa, nikamtilia na asali. Hemani alikuwa akitembea na chupa ya maji mkononi kutwa nzima, anaipeleka mdomoni, anairudisha, na maji hayapungui. Mie peke yangu nilikuwa nikiitazama ile chupa. Baba yake akimuuliza "Umekula?" anasema kala nyumbani. Nyumbani akiulizwa na baba yake, kala hemani. Tulikuwa tunachekeana kwa macho. Mbio siku hiyo hazikuwa mbio, mazoezi tu, na aliendesha vizuri.

Sijapata kuwa mahali penye watu wengi namna ile nikawa peke yangu namna ile. Walinipa kiti cha plastiki pembeni ya hema na vizibo vikubwa vya masikio, vile kama vya marubani. Ukivivaa, zile kelele za injini zinazopasua kichwa zinapotea, unabaki unasikia pumzi zako tu. Nnaona midomo ya watu inakwenda. Mwanangu anasema Kiingereza na wenziwe, anacheka. Nnaona magari yanapita na kurudi, yanapita na kurudi, na katika moja yao yumo mtu wangu, na kichwa chake tu ndo kinaonekana, kidogo kama nazi. Nikivua vizibo naumwa na kichwa, nikivaa naumwa na moyo. Nikavaa.

Ijumaa asubuhi walipima nani ataanza wapi, naye akapata nafasi ya nne. Ulipofika wakati wa sala, wanaume wote wakaondoka kwenda msikitini, hata baadhi ya wageni wakaenda kutafuta chakula. Hema likanyamaza. Nikabaki mie kwenye kiti changu, mjukuu wangu kalala juu ya matairi yaliyopangwa, kajifunika koti usoni, na yule fundi, yeye Mkristo, kabaki na kazi yake.

Akaja kuchutama mbele yangu. Mkononi kashika kipande kimoja cha risasi, cha kilo moja.

"Shosho," akasema kwa sauti ndogo, "huyu msichana amekula leo? Namwona midomo imekauka. Na jana amekunywa maji? Maanake akikauka anapungua kilo moja hivi hivi. Nikiweka hii gari inakuwa nzito, anachelewa kidogo. Nisipoweka na kama hajala, mizani itatushika. Wewe ndiye unakaa naye. Amekula?"

Nikamtazama mtoto. Nikamtazama yule kijana wa watu, mwanamme, anangojea jibu.

"Kala," nikasema. "Kala mkate na mayai mawili, mbele ya macho yangu."

"Na maji?"

"Na maji."

"Sawa, Shosho. Mimi nakuamini wewe." Akasimama, akakirudisha kipande kwenye sanduku lake la vyombo. Nilisikia kilivyogonga chini ya sanduku.

Kwa nini nilisema vile? Ni haya, ni stara. Ulimi ulikwenda wenyewe, kama ulivyofundishwa. Ningeweza kusema "hajisikii kula", ningeweza kusema "kitie tu, mwanangu". Maneno yalikuwa mengi. Nimeyafikiri yote baadae, moja moja, nikiwa nimekaa. Siku ile lilinijia moja tu.

Mbio zikaanza. Nilisimama, mie na magoti yangu haya. Akampita mmoja katika mzunguko wa tatu, kwenye kona iliyo mbele ya hema letu, na karibu na mwisho akampita mwengine. Akamaliza wa pili. Kijana wa Bahareni alikuwa wa tano. Mwanangu alinibeba juu kama mtoto, Mtaliana akampiga fundi mgongoni, watu wakapeana mikono. Nilipiga kigelegele na safari hii kilitoka moyoni, hilo nnaweza kuliapia.

Halafu wakapanga foleni kwenye mizani.

Tulikuwa tunatazama kwa mbali. Gari likapanda, yeye ndani. Bwana mmoja akasoma, akaandika. Akaomba lishuke, lipandishwe tena. Nikamwona Mtaliana anakunja mikono. Likapandishwa mara ya tatu. Mjukuu wangu alikuwa hajavua kofia, kakaa wima, hageuki.

"Nini?" nikamuuliza mwanangu.

"Limepungua," akasema.

"Kiasi gani?"

"Nusu kilo, Mama. Nusu kilo!"

Wakamtoa. Nafasi ya pili ikafutwa kama haikuwepo, na ikatangazwa kwamba Jumamosi ataanzia nyuma ya wote. Kijana wa Bahareni sasa akawa mbele yake kwenye hesabu. Mtaliana alikwenda moja kwa moja kwa fundi. Sikufahamu maneno lakini kelele nilizifahamu. Fundi kainamisha kichwa, anasikiliza. Mara moja tu aliinua macho akanitazama. Hakunioneshea kidole, hakusema "muulizeni shosho." Akarudi kuinamisha kichwa.

Njiani kurudi Al Khoudh adhana ya magharibi ilitukuta barabarani. Mwanangu akasimamisha gari kando akashuka kuzungumza na simu. Mimi na mjukuu wangu tulikuwa nyuma. Nikatoa tende tatu mkobani na chupa ya maji. Akala tende, akanywa maji yote bila ya kupumua, halafu akaweka kichwa juu ya paja langu.

"Fundi anafukuzwa," akasema. "Baba kasema. Wanasema kakosea hesabu."

"Hakukosea."

"Najua. Kesho ntasema mimi mwenyewe."

"Wewe kesho una mbio. Na maneno haya si ya kusema mtoto mbele ya baba yake."

"Sasa nani atasema?"

Nilikuwa nnamfungua mtandio nywele zipate hewa. Zilikuwa zimelowa jasho la chumvi, na nikafikiri, nusu kilo yenyewe ndo hii.

Sikulala vizuri. Wakati wa alfajiri mtoto alikuja kuniamsha kwa sala, kazi ambayo siku zote huifanya mie. Nilimkaangia maandazi, mayai, maharage ya nazi yalobaki. Alikula, akaacha kabati wazi.

Hemani nilimwita mwanangu, nikamwambia anifasirie kwa Mtaliana, neno kwa neno, asipunguze. Fundi alikuwa anakusanya vyombo vyake.

"Mwambie mtoto jana alikuwa kafunga. Na juzi."

Mwanangu akanitazama. "Kafunga nini, Mama? Bado Ramadhani."

"Mwambie kafunga."

Ndo akafahamu. Mtu mzima wa miaka arubaini na kitu, ana mke, lakini aliteremsha macho akawa anatazama viatu vyake kama kijana. Akayafasiri akiwa hivo hivo.

"Mwambie fundi huyu aliniuliza mimi kama mtoto kala, na kipande kakishika mkononi. Nikamwambia kala. Yeye hakukosea hesabu. Kaniamini mie."

Mtaliana akamtazama fundi, akanitazama mie. Akasema kitu kifupi.

"Anauliza kwa nini hukusema kweli," mwanangu akasema.

Nilikuwa nimejitayarishia jibu zuri la stara na ada zetu. Halikutoka. "Mwambie ni kosa la mtu mzima," nikasema, "na mtu mzima kaja kulisema."

Sijui mwanangu aliligeuza vipi kwa Kiingereza. Mtaliana alitia mkono kifuani kama desturi yake, lakini hakutabasamu. Akaenda kwa fundi akamwambia maneno mawili matatu, na fundi akaanza kurudisha vyombo mahali pake. Baada ya hapo Mtaliana mwenyewe alimsimamisha mjukuu wangu juu ya mizani, akampa ndizi na chupa ya maji, akamsimamia mpaka amalize, mbele ya watu wote.

Fundi aliponipita akasema, "Shosho, nyinyi wamama mtatuua."

"Nisamehe, mwanangu."

"Mayai mawili! Ungesema hata moja." Akacheka. Lakini hakuchutama tena mbele ya kiti changu siku ile.

Sasa nifike kwenye mbio ya pili. Magari yalikuwa kumi na sita na yeye wa kumi na sita. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwangu: akimaliza mbele ya kijana wa Bahareni anarudi kuwa wa tatu, anakwenda Italia. Akimaliza nyuma yake, anabaki. Anabaki kwangu, katika nyumba ile, ataacha makabati wazi mwaka mwengine, labda na mwengine tena.

Nikavaa vizibo vyangu. Kimya kikaja. Wakaondoka. Nikainua mikono kuomba dua, na hapo, mbele ya Mungu anaejua kilichomo vifuani, sikujua niombe nini. Midomo ilikuwa wazi. Nilijaribu kusema "Mfikishe mbele", ikatoka "Mfikishe" tu. Nilijaribu kusema kheri, "Mpe lenye kheri", nikaona nnamfanyia Mungu ujanja, kwa sababu nilikuwa nnajua nnataka kheri ipi. Na ndo nikajiuliza, nikiwa na mikono hewani kama mtu anaengojea kupokea mzigo: jana ulipomwambia yule kijana "kala", ilikuwa stara peke yake?

Watu huniambia stara, mwanangu huniambia stara, wote wanipoza. Mimi sijui. Nilikuwa najua mizani. Nilikuwa najua Italia. Vyote viwili nilikuwa navyo kichwani, na neno lilitoka jepesi mno.

Nikashusha mikono bila ya kuomba kitu. Sijapata kufanya hivo maishani.

Alikuwa akiwapita mmoja mmoja. Kumi na nne, kumi na moja, tisa, saba. Mwanangu akinihesabia kwa vidole mbele ya uso, maana nilikuwa sisikii. Mbele yake akawa yule kijana. Walikwenda mizunguko mitatu wamefuatana, wa mwisho ukafika, na pale kwenye kona iliyo mbele ya hema letu akaingia kwa ndani, baina ya magurudumu yao palikuwa na pengine vidole vinne. Sikufumba macho. Alitokea upande wa pili yuko mbele. Wa sita yeye, wa saba mwenzake.

Hakuna mtu alopiga kelele mpaka gari lilipopandishwa kwenye mizani. Fundi alikuwa kashika kichwa kwa mikono miwili. Bwana akasoma, akaandika, akafanya ishara ya mkono: pita.

Alikuja mbio. Kwanza akamkumbatia baba yake, kisha akampa fundi mkono, kisha akaja kwangu, bado kavaa kofia ngumu. Akaegemeza ile kofia kwenye paji la uso wangu. Nilijiona mwenyewe kwenye kioo chake cheusi, mdogo, nimevaa vizibo vya masikio. Yeye sikumuona. Alikuwa akisema kitu ndani na mie vizibo sikuvivua. Sijui alisema nini, na sikumuuliza.

Jioni ile walikuwa na karamu ya kupewa zawadi, kwenye hoteli kule Bustan. Mwanangu akasema, "Twende, Mama." Nikasema nimechoka. Walinishusha nyumbani wakaenda. Nikapanda juu ya paa na kiti changu, kutazama mwezi, kama tulivyokuwa tukifanya na marehemu. Mawingu yalikuwa mepesi. Sikuuona. Niliposhuka, nikasikia kwenye televisheni kwamba umeonekana kwengine. Nikaswali tarawehe peke yangu chumbani, nikaweka maharage majini kwa daku.

Alifunga Ramadhani yote pamoja nami, ukiondoa siku zake, na mara hii alisema atazilipa Shawwali huko huko Italia, asingoje. Baada ya Idi akaondoka. Uwanja wa ndege hatukulia. Nilimwambia, "Mke mwenzangu, kula." Akasema, "Na wewe, Bibi, sema kweli." Tukacheka sote, na mlango ule wa vioo ukafunga.

Fundi alikuja kuniaga kabla ya kurudi kwao likizo. Alileta kile kipande cha risasi, kakifunga kwenye gazeti. "Shosho, hii ni yako. Siku ingine ukinidanganya nitakufunga nayo shingoni." Nimekiweka juu ya meza, kinashikilia karatasi hizi zisipeperushwe na feni. Ni kizito kuliko unavyokidhania ukikitazama.

Mchele bado sijajua kuupimia mtu mmoja. Kila siku unabaki. Makabati yote yamefungwa.

Kama kuna alokuwepo akasoma haya na akaona nimekosea, tafadhali anisahihishe. Pengine alianza wa kumi na tano si wa kumi na sita. Pengine Ijumaa gari lilipanda mizani mara mbili si tatu. Fundi atajua, mwanangu atajua. Majina nimeyaacha lakini mwenyewe atajijua.

Na wewe mke mwenzangu, hili ni la kwako peke yako, hakukuwa na mwengine jikoni. Siku ile ya Jumatano uliponiuliza kama unaweza kuzilipa baada ya Idi, nimeandika juu huko kwamba nilikukatalia kwa ajili ya dini. Ndivyo ninavyokumbuka asubuhi. Ikifika alasiri nnakumbuka kwamba nilinyamaza kwanza, nikakutazama, nikafikiri Italia, kisha ndo nikasema. Wewe ulikuwa umesimama pale, umeshika mlango wa kabati, unanitazama usoni. Nilinyamaza, au sikunyamaza? Kama nimekosea, niandikie.